Mpelekee mrashi wenyewe

Dadangu, umeuliza umwambieje kijana wa kaunta hapo Malindi akutungie kinywaji kutokana na mrashi wa bibi yako, kile chombo cha kunyunyizia maji ya waridi. Usimweleze tu, mpelekee! Aushike, aione ile shingo ndefu na vitundu vya kichwani, anuse harufu iliyobaki ndani. Kisha mwambie mlivyokuwa mkinyunyiziwa kwenye maulidi, yale matone ya baridi yakiteremka shingoni. Hapo ataelewa kinywaji kiwe chepesi: maji ya dafu, ndimu, iliki iliyopondwa papo hapo. Maji ya waridi yawe yale ya mapishi, si marashi ya kujitilia mwilini, na matone mawili tu, tena mwishoni. Yakizidi utahisi unakunywa sabuni. Mimi changu niliomba kisitiwe pombe, kwa heshima ya bibi. Harufu ilipopanda, machozi yalinilenga.