Taharuki Haimo Ndani ya Simu

Msomaji mmoja ameniandikia akiuliza anunue simu gani ili atengeneze filamu fupi ya taharuki. Nimeona nimjibu hapa kwa kirefu, kwa kuwa najua wengi wenu mnatamani kile anachokitamani yeye, yaani kumfanya mtu aliyeketi mbele ya skrini asahau hata kupumua, na pia kwa kuwa swali lake limenigusa mahali ambapo bado pana kidonda.

Nilianza kazi hii katika enzi za kamera za kubeba begani, zenye kanda, betri nzito, taa zinazounguza na nyaya zinazotambaa sakafu nzima. Chumba kidogo kilijaa vifaa na mafundi wake kabla mwigizaji hajaingia, na mwigizaji aliyepaswa kuonekana mpweke alilazimika kuuigiza upweke huo mbele ya umati.

Ndiyo maana simu zilipoanza kurekodi picha safi sikusubiri kushawishiwa. Filamu yangu ya kwanza ya simu ilihusu mtumishi wa nyumbani anayerudisha kwenye droo ya mwajiri wake ufunguo aliouchukua kwa siri, ilhali mtazamaji ameshamwona mwajiri huyo akikumbuka njiani kwamba amesahau miwani, kisha akigeuza gari. Simu niliilaza ndani ya droo ileile ikitazama juu, nayo ikanasa uso wa mwigizaji ukiinama, vidole vikitetemeka, na nyuma yake mlango ambao kila mtu ukumbini alikuwa akiukodolea macho. Kamera yangu ya zamani isingeenea humo hata kwa kuivunja droo. Ukumbi ulinyamaza kabisa, na ukimya ule naujivunia kuliko tuzo yoyote.

Hata hivyo, mratibu mmoja wa tamasha la filamu alikuwa ameikataa filamu hiyo kabla ya kuitazama, kwa sababu tu fomu ilitaka aina ya kamera itajwe. Alifanya hivyo wakati mwongozaji wa Marekani Sean Baker alikwisha kuonyesha filamu yake Tangerine mwaka 2015, iliyopigwa kwa iPhone 5s zilizofungwa lenzi ya ziada, na baadaye mwongozaji mwenzake Steven Soderbergh akapiga filamu ya Unsane ya mwaka 2018 kwa iPhone 7 Plus. Sijasahau barua ile ya kukataliwa, na sioni kwa nini nijifanye nimeisahau.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, simu uliyo nayo inatosha, ilmradi uidhibiti. Funga fokasi, yaani mahali picha inapokuwa kali, pamoja na mwangaza kabla ya kurekodi, kwa maana simu ikiachwa ijiamulie, picha itang'aa au kufifia ghafla pindi mwigizaji apitapo dirishani, na mtazamaji atazinduka. Sensa ya simu, yaani kipande kinachopokea mwanga, ni ndogo, hivyo chumba chenye giza tupu hutoa picha yenye chengachenga. Washa taa moja karibu na uso, kisha acha pembe nyingine zizame gizani. Sauti irekodi kwa maikrofoni iliyo karibu na mwigizaji, kwani katika taharuki nyayo za mtu asiyeonekana zina uzito kuliko uso wake.

Lakini hayo yote ni maandalizi tu. Katika mazungumzo yake na mwongozaji wa Kifaransa François Truffaut mwaka 1962, Alfred Hitchcock, bingwa wa filamu za taharuki, alitoa mfano wa bomu lililofichwa chini ya meza: likilipuka bila mtazamaji kujua lipo, anashtuka kwa sekunde 15, akijulishwa mapema kwamba lipo na saa inakwenda, mazungumzo ya kawaida mezani yanampa dakika 15 za taharuki. Mpe mtazamaji habari kabla ya mhusika. Nasema tena, mpe habari, kisha mcheleweshee matokeo. Vijana wengi wananitumia kazi zilizojaa kelele za ghafla na vivuli vinavyoruka, wakidhani kuficha kila kitu ndiko kutisha, kumbe mtazamaji asiyejua lolote hana cha kuogopa. Acheni kuhangaikia simu mpya kila mwaka ilhali hamjaandika ukurasa mmoja unaoeleza nani anajua nini, na anakijua lini.

Ukimaliza kuhariri, mketishe mtu ambaye hajasoma hadithi yako, kisha mtazame yeye badala ya kuitazama filamu. Andika kila mahali anapogeuza macho pembeni. Hapo usikimbilie kuongeza muziki. Rudi kwenye shoti, yaani kipande cha picha, iliyotangulia, ukague kama ulimwonyesha kile anachopaswa kukihofia, na kama ulikiacha kwenye skrini muda wa kutosha hata akakiona.