Bima ya private kupigia teksi: mkuu, usimsikilize huyo binamu yako

Simama hapo hapo mkuu. Yaani una IST yenye bima kubwa ya matumizi binafsi, unataka kuiingiza kwenye teksi za mtandaoni hapo Arusha, na binamu yako kakwambia usihofu, ukipata ajali wakigoma kulipa mahakama itakifuta hicho kipengele cha matumizi binafsi tu kwa sababu kinapingana na sera ya umma, yaani maslahi ya jamii? Hayo maneno nayajua. Yamenila Noah nzima.

Desemba 2021, Wachaga tunarudi nyumbani, mabasi yamejaa, natoka Arusha kuja Moshi siti zote tupu, roho ikaniuma. Nikapakia watu watano. Kufika Boma Ng'ombe bodaboda akachomoka kushoto, nikamkwepa nusu nikamgonga nusu, tukaishia mtaroni, yeye kavunjika mguu. Kabla trafiki hajafika nikawapanga abiria wangu vizuri kabisa, tukiulizwa sisi ni ukoo mmoja tunaenda msibani. Sasa kuna mama nilimpakia Usa River, anashukia Kwa Sadala, trei lake la mayai limepasukia lote kwenye siti, trafiki anamuuliza wewe ni nani wake dereva, mama anajifuta ute kwenye khanga anasema, "Simjui mimi, nimempa elfu kumi na chenji yangu hajanirudishia." Ikaandikwa hivyo hivyo.

Bima wakaisoma ripoti ya polisi, wakanijibu kwa barua ya nusu ukurasa: gari limekatiwa bima ya matumizi binafsi, siku ya ajali lilibeba abiria wa kulipa, hatulipi gari lako.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wenyewe. Badala ya kuuza ile Noah ikiwa bado na bei, nikamsikiliza shemeji yangu aliyesomea sheria akaishia mwaka wa pili (sasa hivi anauza vocha, anafanya vizuri tu). Akaja na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 23, kwamba makubaliano yanayopingana na sera ya umma ni batili, tunawashinda asubuhi. Nikakaa mwaka na nusu nasubiri ushindi, gari yadi linanyeshewa, betri ikaibiwa, redio ikaibiwa, mpaka kioo cha pembeni, na nauli za kwenda na kurudi siku hizi sitaki hata kuzihesabu.

Wakili wa kweli nilipompata alimaliza habari kwa dakika tano. Sera ya umma siyo huruma, alisema, mahakama haifuti kipengele kwa kuwa kimekuumiza wewe uliyekisaini, inaangalia kama chenyewe kina madhara kwa jamii, na mtu kulipia hatari ndogo halafu akabanwa kwenye hatari ndogo hakuna uovu hapo. Halafu akaniuliza, leseni ya LATRA, wale wadhibiti wa usafiri wa ardhini, ya kubeba abiria ulikuwa nayo? Kimya. Kwa hiyo sera ya umma hiyo hiyo ingekuja mahakamani ikakaa upande wa bima, mimi ndo nataka kufaidika na kosa langu.

Yule bodaboda alilipwa lakini, tena na bima hiyo hiyo, maana Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, imetungwa kwa ajili ya mtu aliyegongwa kama yeye. Nikafurahi, nikajua angalau hilo limeisha. Baada ya miezi wakanigeukia mimi niwarudishie hela walizomlipa, kumbe mkataba unawaruhusu, mstari huo uko chini ya ule niliokuwa nabishana nao na sikuwahi kuufikia.

Na wakala aliyenikatia, Mungu anamwona. Nilimwambia kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba mara moja moja napakia, akacheka, "Andika private bwana, nani anakagua?" Nikaokoa laki na themanini. Siku ya ajali simu yake haipatikani, mpaka leo haipatikani.

Kwa hiyo kabla hujapakia hata mtu mmoja, toa kile cheti cha bima, tafuta palipoandikwa matumizi. Kama hapasemi kubeba abiria wa kulipa, nenda ofisini kwao kabisa, siyo kwa wakala, wakubadilishie, ulipe nyongeza, uondoke na karatasi mkononi. Binamu yako akibisha muulize gari likiozea yadi betri atanunua yeye?

Noah ipo huku Pasua, kuku wangu wanatagia siti ya nyuma. Mlango wa kulia na taa za nyuma bado vizima, mwenye shida aje inbox.