Mzee kasamehewa kwenye sheria, anakatwa kwenye LUKU

Tangu niliposema neno kuhusu kodi ya majengo na wazee, meseji hazijakatika. Zinazofanana nimeziunganisha; swali linatangulia, jibu langu linafuata. Wanaoendelea kuniuliza kiwango cha kodi hii, inayokatwa mtu akinunua umeme wa LUKU (ule wa kulipia kabla), someni risiti zenu: nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka, tangu Julai 2023. Ghorofa lina hesabu yake.

Baba yangu ana miaka 67, anaishi kwenye nyumba yake Mbagala, na bado anakatwa. Si tuliambiwa wazee wamesamehewa?

Wamesamehewa. Mwenye miaka 60 na kuendelea halipii kodi ya jengo kwa nyumba moja anayoimiliki na kuishi mwenyewe. Ila LUKU haimjui baba yako, inaijua mita tu, kwa hiyo msamaha inabidi auombe. Aende ofisi inayosimamia kodi hii wilayani kwake (aulize kwanza kama ni ya TRA, mamlaka ya mapato, au ni halmashauri) na kitambulisho cha taifa cha NIDA, karatasi za umiliki, barua ya serikali ya mtaa na namba ya mita. Namba ya mita ndiyo watu wengi wanayoisahau, wanarudishwa nyumbani kuifuata.

Sasa niseme linaloniuma. Makato yalipoanza Agosti 2021, hakuna mwenye nyumba aliyejaza fomu ya kuomba akatwe. Yalianza tu, nchi nzima, mtu akinunua umeme anakuta hela imepungua. Kumtoa mzee ndiko kunakotaka fomu, barua, kivuli cha kitambulisho na nauli. Tarehe yake ya kuzaliwa NIDA wanayo. Mita yake TANESCO, shirika la umeme, wanayo. Vyombo vyote hivyo ni vya serikali moja, na bado anayetumwa kupeleka taarifa kutoka dirisha hili kwenda lile ni mzee anayetembelea mkongojo.

Nilimsindikiza shangazi yangu, miaka 74, kwenye ofisi moja kwa shughuli ya namna hiyo. Karatasi zake zilikuwa kwenye bahasha ya kaki, bahasha kwenye mfuko wa plastiki, mfuko kaufunga kwa upindo wa kanga. Mashine ya alama za vidole ikakataa vidole vyote kumi. Jembe limevilamba hadi vimekuwa laini kama kiganja cha mtoto. Akavifuta kwenye kanga, akajaribu tena, ikakataa. Tukaambiwa turudi Jumatatu. Kwenye daladala hakusema neno mpaka tunashuka, ndipo akaniuliza: "Kwani nimekosa nini?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Kwani 1,500 ni hela gani? Si soda mbili tu? Mnakuza mambo.

Ndugu yangu, kaa siku moja kwenye kibanda cha wakala uwaangalie wazee wanavyonunua umeme. Mtu anakuja na 2,000 mkononi. Ikikatwa 1,500, anabaki na umeme wa 500. Hata akiwa mtumiaji mdogo wa bei ya chini, hizo ni uniti nne, basi. Na asiponunua miezi mitatu, deni halisahauliki: siku akipata hela anakutana na 4,500 imemsubiri.

Tanzania Bara hatuna pensheni ya kila mzee. Zanzibar walianza kuwalipa wazee wote waliofika miaka 70 mwaka 2016, na sisi huku tunabishana kama mtu asiye na mshahara aachiwe 18,000 yake ya mwaka. Mimi siipingi kodi ya majengo. Taa za barabarani na mifereji havijengwi kwa maneno. Napinga kumkata mtu ambaye sheria yenyewe imeshasema asikatwe.

Mimi ni mpangaji. Nakatwa kodi ya nyumba isiyo yangu. Ni halali?

Kodi ni ya mwenye nyumba. Tunza risiti, mpelekee, ipunguzwe kwenye kodi ya pango unayomlipa. Na kubalianeni kabla hujahamia, si baada ya miezi minane.

Mume wangu alifariki mwaka 2015. Nina miaka 70, naishi nyumba tuliyojenga pamoja, lakini hati ina jina lake. Nimeambiwa sina sifa ya msamaha.

Pole sana, mama. Swali lako ndilo lililonifanya niandike leo. Aliyekujibu hivyo amesoma karatasi, na kwenye karatasi mmiliki ni marehemu. Njia ni moja: fungueni mirathi. Ukoo ukae kikao, uandike muhtasari wa kumpendekeza msimamizi, mwende mahakamani na cheti cha kifo. Akishateuliwa, kazi yake ni kugawa na kuhamisha majina. Hakikisha jina lako linaingia kwenye hati hiyo.

Msamaha wa kodi ndiyo faida ndogo kuliko zote hapo. Nyumba yenye jina la marehemu ni mlango ulioachwa wazi. Leo wanakuita mama, kesho shemeji mmoja anakuja na mnunuzi kupima uwanja. Nimeona mjane akitolewa vyombo nje kwenye nyumba aliyoikandia udongo kwa miguu yake, kwa sababu tu miaka yote hiyo watoto walikuwa wakisema "tutashughulikia". Nyie watoto mnaosoma hapa, mnasubiri nini? Mnamtumia mama hela ya sukari kila mwezi, mnashindwa kumpeleka mahakamani mara tatu?

Nipo Muscat. Nimejenga nyumba Tanga, hati jina langu, mama yangu wa miaka 72 anaishi humo peke yake. Anasamehewa?

Hapana. Mmiliki ni wewe, na wewe hujafika 60. Usimwandikishe mama hati kwa ajili ya 18,000, utawaachia ndugu zako ugomvi wa urithi. Mtumie hela ya umeme iliyozidi makato.

Nimepata msamaha, mbona nimeletewa deni la ardhi?

Hili nimelijibu mara nyingi mno, na kila mara anatokea mtu asiyesoma. Kodi ya jengo na kodi ya pango la ardhi ni vitu viwili. Jengo ni hilo la kwenye LUKU. Pango ni la kiwanja, linalipwa Wizara ya Ardhi kwa namba ya kumbukumbu ya kiwanja chako. Msamaha wa jengo haugusi pango. Ukiliacha likae miaka, unahatarisha kiwanja chenyewe.

Diwani wetu ameahidi baraza la madiwani litawafutia wazee kodi hii. Tumwamini?

Hana uwezo huo. Viwango vinapangwa kitaifa, na msamaha anaouahidi upo tayari. Muulizeni jambo analoliweza: apeleke hoja barazani kwamba watendaji wa mitaa waorodheshe wazee nyumba kwa nyumba, waandike namba za mita, barua zitolewe bure, na orodha ipelekwe kwa wasimamizi wa kodi kwa pamoja. Mzee abaki barazani kwake. Diwani akifanya hilo kwa mtaa mmoja tu, nitamwandika hapa kwa jina.

Kuna kijana anapita mtaani kwetu Tandika anaandikisha wazee msamaha. Anataka 20,000, kivuli cha hati na dole gumba kwenye fomu. Bibi yangu ameshaweka dole. Kuna tatizo?

Lipo, tena kubwa. Hakuna anayetumwa mlangoni kukusanya 20,000 kwa kazi hiyo. Na bibi asiyeona vizuri hajui ameweka dole kwenye fomu ya msamaha, mkopo au mauziano ya nyumba. Usingoje kesho. Nenda leo kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha polisi mkatoe taarifa iandikwe, na mchukue namba ya taarifa hiyo. Halafu nenda ofisi ya ardhi uulize kama kuna ombi lolote limeingia kwenye kiwanja cha bibi. Hati halisi iondoe kabatini kwake, iweke kwa mtu ambaye ukoo wote unamwamini. Kijana huyo akirudi, msimfukuze. Mkaribisheni kiti, na mwenyekiti awe ameshafika.