Barua kwa mwanangu: uanze na kitabu gani

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Langoni, hapa Amu. Sisi tu wazima, ila nyanyako na miguu yake, na hiyo ni habari ya kila siku.

Umeniuliza, katika vitabu nilivyojifungia navyo mwezi huu mzima, wewe uanze na kipi. Ukaongeza kwamba nisikutajie utendi wa Mwana Kupona, maana ulilishwa tangu u kigori mpaka ukakinai. Haya. Anza na utenzi wa Al-Inkishafi.

Najua umeisikia ikighaniwa. Lakini mghani hakungoji. Ubeti ukikuchoma, yeye keshafika wa tatu. Kwenye karatasi unaweza kuuzuia. Ni beti sabini na kitu tu, nami nilikuwa nikisoma chache baada ya alfajiri, kisha nafunga kitabu. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliitunga mwanzoni mwa karne ya 19, Pate, ule mji wa masultani kisiwani jirani yetu, ilipokuwa imekwisha kuanguka, na jambo lililonikamata safari hii ni kwamba hamhubirii mtu. Anauketisha moyo wake mwenyewe na kuuhoji kama kadhi. Unajidanganya nini? Unangoja nini? Moyo usipojibu ndipo anaupeleka Pate, auonyeshe majumba yaliyokuwa yaking'aa kwa taa na vidaka vilivyopangwa vyombo vya kaure, sasa ndege wamelala humo. Ukienda Pate leo utakuta watu wamelima tumbaku katikati ya kuta hizo hizo.

Ukimaliza tu, usipumzike, chukua Kifo cha Ivan Ilyich cha Tolstoy. Ni kifupi, siku mbili kinatosha. Alikiandika Mrusi mwaka 1886, na mwenye kisa ni hakimu mwenye cheo na nyumba nzuri, ambaye anateleza akitundika mapazia, anajigonga ubavuni, na maumivu hayaondoki tena. Pana mahali anakumbuka somo la mantiki aliloshika shuleni: Kayo ni binadamu, binadamu wote hufa, basi Kayo atakufa. Hilo analikubali. Lakini yeye si Kayo! Yeye ni Vanya, kama alivyoitwa utotoni, aliyekuwa na mama na baba na mpira wake wa kuchezea, itakuwaje afe?

Hapo nilirudi kwa Sayyid Abdallah mbio. Maana sisi sote tunasoma habari za wale masultani wa Pate kama Ivan alivyomsoma Kayo: hao walikufa, masikini. Mshairi alikwisha kuuona mlango huo wa kutorokea, ndiyo sababu akaanza na moyo wake kabla ya kuitaja nyumba ya mtu yeyote. Mrusi alihitaji kumtesa hakimu wake miezi kadhaa kitandani ili afike mahali hapo. Simlaumu, kila mtu na njia yake, na yule kijana Gerasim anayekubali kumshikilia bwana wake miguu usiku kucha ili apate nafuu, sitamsahau. Kati ya wote nyumbani mle, yeye peke yake haoni haya kwamba mtu anakufa.

Odyssey ya Homer, ule utenzi wa Wagiriki wa kale, iache kwanza. Ni ndefu, na mwisho wake umenichukiza: baada ya miaka 20 ya kungojewa, mume anarudi na wajakazi 12 wananyongwa kwa kamba. Penelope, yule mke, nilimpenda, hasa anapomtega mumewe kwa habari ya kitanda kisichoweza kuhamishwa. Wanawake wa Amu tunajua kungojea chombo kirudi na kaskazi, lakini miaka 20! Muyaka, mshairi wa Mombasa, nilimdonoa tu. Mashairi yake ya vita vya Mombasa na Amu niliyaruka makusudi, halafu usiku nikayarudia kwa siri. Adui yetu, lakini ulimi anao.

Sasa, kuhusu Mwana Kupona, neno moja tu, kisha nanyamaza. Wewe ulifundishwa beti za kumtii mume, na aliyekufundisha aliishia hapo. Hakukwambia kwamba utendi ule wa mwaka 1858 ulitungwa na mjane aliye mgonjwa, mumewe Bwana Mataka wa Siyu kafariki miaka miwili nyuma, na yeye mwenyewe hajui atapona au la. Wala hakukusomea dua za mwishoni, anapowaombea watoto wake na kumwomba Mola amwondolee maradhi. Nilizisoma juma lile lile la Ivan Ilyich. Kuhusu utiifu tubishane, sikatai. Mimi na babako tumebishana hilo miaka na hatujamaliza. Lakini hasira zako uzielekeze kwa aliyekukatia utendi nusu.

Nakala yangu ya Al-Inkishafi nampa kakako, atapanda basi Jumatatu. Nimeandika pembeni kwa penseli maneno magumu ya Kiamu cha zamani. Usiyafute, na kitabu nakitaka kirudi.

Mamako