Aliiamini Tovuti Kuliko Macho Yake

Binti mmoja wa kidato cha pili aliniletea kazi ya jiografia, kurasa nne za mwandiko safi, zote amezinakili mtandaoni. Humo Arua ya Uganda ilikuwa bado manispaa. Nikamwuliza, "Mwanangu, unaishi wapi?" Akajibu, "Hapa Arua, mwalimu."

Arua ilipandishwa kuwa jiji Julai 2020, na yeye analijua hilo vizuri. Ila tovuti ilisema manispaa, tena juu kabisa ilijitangaza kuwa imeboreshwa mwezi uleule alioniletea kazi.

Sikumkemea. Ni mimi niliyewaambia "katafuteni mtandaoni" bila kuwafunza namna ya kutafuta.

Siku hizi tunaanza na wanachokijua wenyewe. Kabla ya kuuamini ukurasa kwa mambo mageni, tafuta ndani yake kitu cha kwenu: mji, mto, zao linalolimwa shambani kwa bibi. Ukiona ukurasa umekosea hapo, usiunakili.

Halafu toka kwenye ukurasa huo. Hili ndilo gumu kwao. Mwanafunzi hukaa palepale akiangalia picha nzuri na maelezo ya wenye tovuti kuhusu wao wenyewe, na nani atajisema vibaya? Andika jina la tovuti au la mwandishi kwenye sehemu ya kutafutia, usome wengine wanasema nini juu yake. Ni dakika chache, na data haiendi nyingi.

Wazazi nao waangalie mtaala. Mtaala mpya wa sekondari ya chini uliingia kidato cha kwanza mwaka 2020, na mtihani wa kwanza wa UCE, ule wa kumaliza kidato cha nne, wa mtaala huo ukafanywa 2024. Noti nyingi zinazorushwa kwenye makundi ya WhatsApp ni za mtaala wa zamani. Si za uongo, lakini zinamfundisha mtoto kukariri wakati sasa anatakiwa kufanya mradi na kueleza alichogundua. Soma kwanza silabasi ya NCDC, kituo cha taifa cha kuandaa mitaala, ndipo utafute.

Anwani inayoishia go.ug ni ya serikali, ac.ug ni ya vyuo, inasaidia, haitoshi. Wikipedia siikatazi, mradi ushuke hadi kwenye vyanzo vilivyo chini. Kwa wa kidato cha tano na sita napenda vitabu vya bure vya OpenStax, vya Chuo Kikuu cha Rice, Marekani: unapakua kitabu kizima mara moja, unasoma bila data, unamrushia na mwenzako. Mifano mingi ni ya kwao, kwa hiyo mwalimu akae karibu.

Muhula uliofuata binti yule alikuja na kurasa mbili kuhusu milima ya Rwenzori. Moja ilikipa kilele cha Margherita mita 5,109, nyingine 5,119. "Mwalimu, hawa hawapatani. Kila mmoja ameipata wapi namba yake?" Kengele ya chakula ililia, tukabaki tunatafuta.