Robo si mgao: nilivyojifunza kufundisha urithi

Mwanafunzi wangu alilijaza bila kosa jedwali la urithi wa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. A ni nakala ya kawaida ya jeni, S ni ya selimundu, na mwenye SS ndiye mgonjwa. Wazazi wote wawili AS, visanduku vinne, AA moja, AS mbili, SS moja. Nikampa alama zote. Kengele ilipolia wenzake wakatoka, yeye akabaki mlangoni. "Mwalimu, kwa hiyo mama akishapata mtoto mmoja mwenye selimundu, watatu wanaofuata wako salama?"

Nilimjibu kwamba hapana, lakini nilipotakiwa kueleza kwa nini, nilijikuta narudi kwenye jedwali lile lile lililompoteza. Kesho yake nikaliuliza swali hilo darasa zima. Wengi waliona kama yeye. Nilikuwa nimewafundisha kujaza visanduku, na visanduku vinne vinafanana mno na watoto wanne waliopangwa mstari.

Tangu hapo jedwali hilo la visanduku, liitwalo jedwali la Punnett, nalileta mwisho. Naanza na sarafu.

Kila wanafunzi wawili wanapewa sarafu mbili zilizobandikwa karatasi: upande mmoja A, wa pili S. Sarafu moja ni baba, nyingine ni mama. Kabla hawajarusha, nawabana kidogo: hizi pande mbili ni nini? Mpaka mtu aseme kwamba ni nakala mbili za jeni moja alizo nazo kila mzazi, na kwamba mtoto hupewa moja tu, haturushi. Kuirusha sarafu ndiko kutengeneza yai au mbegu ya kiume. Zikishatulia mezani zote mbili, mimba imetungwa. Kila familia inapata watoto wanne na kuwaandika kwa mfuatano wa kuzaliwa.

Mwaka mmoja wasichana wawili walipata SS mara mbili mfululizo. Mmoja akaweka sarafu chini: "Basi, fungu letu tumeshachukua." Nikamwambia arushe. SS tena. Darasa likaangua kicheko, naye akaigeuza sarafu huku na huku akitafuta hila. Dakika ile ilifanya kazi kuliko vipindi vyangu vitatu vya ubaoni, kwa sababu sasa alikuwa na swali lake mwenyewe: sarafu itajuaje kwamba tayari imeshaangukia S?

Ukiwa na darasa linalojua kuzidisha sehemu, usiishie hapo. Uwezekano wa mtoto mmoja kutokuwa SS ni robo tatu. Wa wote wanne kutokuwa SS ni robo tatu ikizidishwa kwa robo tatu, kwa robo tatu, kwa robo tatu, yaani 81 kwa 256, kama asilimia 32. Familia zenye SS mmoja kamili ni kama asilimia 42. Zinazobaki, kama asilimia 26, zina wawili au zaidi. Maana yake familia nyingi za watoto wanne hazifanani na jedwali! Wanafunzi wakilinganisha hesabu hizo na matokeo yao ubaoni, hushangaa. Kisha jumlisha watoto wa darasa zima, uone robo inavyoanza kujitokeza.

Hapo ndipo namwingiza Gregor Mendel, aliyegundua kanuni za urithi kwa kupanda njegere, wala simwingizi kama mtawa mwenye uwiano wa tatu kwa moja. Vitabu vingi vinaonyesha jumla yake tu: mbegu za njegere 7,324, za mviringo 5,474, zenye makunyanzi 1,850. Safi kabisa. Lakini katika makala yake ya 1866 alieleza pia mimea iliyopotoka kupindukia: mmoja ulikuwa na mbegu 43 za mviringo na 2 tu zenye makunyanzi, mwingine 14 kwa 15. Wasichana wangu wa SS tatu wangemfurahia. Angehesabu mmea mmoja na kuridhika, asingeona kitu; alihesabu mimea 253.

Kuna zoezi moja nimeliacha kabisa, nawe nakusihi uliache: lile la kwenda nyumbani kuchunguza nani anakunja ulimi. Nililitoa kwa miaka kadhaa, nikisema kukunja ulimi ni jeni moja inayotawala, yaani nakala yake moja inatosha sifa ionekane. Mvulana mmoja akarudi na kimya. Yeye anaukunja, wazazi wake wote hawawezi. Kwa maelezo yangu, hilo lisingewezekana. Unaweza kukisia alichokuwa anawaza kuhusu baba yake. Na sayansi yenyewe ilikuwa mbovu: tangu 1952 ilishaonyeshwa kwamba pacha wanaofanana wanaweza kutofautiana, mmoja akakunja ulimi na mwenzake asiweze. Rangi ya macho nayo inahusisha jeni nyingi. Familia ya sarafu haimuumizi mtu, na ukoo wa kubuni unatosha kwa kuchora. Kama darasani kuna anayeishi na selimundu, zungumza naye kando kabla ya kipindi, au anza na njegere.

Istilahi zisubiri. Jenotaipu (jozi ya nakala za jeni alizo nazo mtu), fenotaipu (sifa inayoonekana), aleli (aina mojawapo ya jeni, kama A au S), zote zinakaa vizuri pale mtoto anapokuwa tayari na kitu cha kukiita hivyo. Neno moja tu linahitaji ulinzi: "tawala". Wanafunzi husikia utawala, wakadhani jeni hiyo ina nguvu zaidi au imeenea zaidi. Mimi huwapa mfano wa vidole sita, ambavyo mara nyingi hurithiwa kwa jeni inayotawala. Sasa hesabuni vidole vyenu.

Jinsia ya mtoto huchukua dakika tano kwa sarafu zile zile: mama X na X, baba X na Y, na anayelaumiwa kwa kuzaa wasichana watupu anaachiwa huru bila hotuba.

Mtihani nao nimeubadilisha. Siku hizi nauliza: wazazi ni AS wote, wana mabinti watatu, wote AA, uwezekano wa mtoto wa nne kuwa SS ni upi, na kwa nini? Namba ina alama moja, sababu ina tatu. Muhula uliopita mmoja aliandika: "Robo, kwa sababu yai halijui dada zake."

Nikampa zote nne.