Baba aliyepona ukoma aache shamba?

Mdogo wangu wa Chamwino, umeuliza kama baba, aliyemaliza dawa za ukoma lakini nyayo zimekufa ganzi, akae tu barazani. Hapana! Kukaa kutwa kutamdhoofisha mwili na moyo. Aende kwenye mtama wake, kwa hatua fupi na mapumziko. Hatari iko miguuni, maana hasikii mwiba wala mchanga wa moto. Avae viatu vyenye soli imara na ndani laini, si katambuga za misumari. Kila jioni mkague nyayo, aziloweke kwenye maji ya kawaida dakika 20, apake mafuta zikiwa bado na unyevu. Akipata kidonda, aupumzishe mguu huo, aende zahanati. Na kuleni naye sahani moja, amepona, haambukizi.